Winfried Schäfer: Kiungo Aliyefunga Milango

Januari na Februari 2002, nchini Mali, Kamerun ilicheza mechi 6 za Kombe la Mataifa ya Afrika bila nyavu zake kutikiswa hata mara moja. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijaribu ikashindwa, zikafuata Kodivaa, Togo, Misri, kisha wenyeji Mali, na mwisho Senegal katika fainali iliyofika muda wa nyongeza. Ukijumlisha zote unapata dakika 570 za mpira bila bao la kufungwa. Mashabiki wengi wakiyakumbuka mashindano yale hutaja fulana zisizo na mikono walizovaa Simba Wasiofugika, au kasi ya Samuel Eto'o, au kichwa cha Patrick Mboma. Dakika zile 570 hazitajwi sana, na mtu aliyekaa kwenye benchi anatajwa kwa nywele zake ndefu za rangi ya dhahabu kuliko kwa kazi yake. Mtu huyo ni Winfried Schäfer, Mjerumani, kiungo wa zamani wa Borussia Mönchengladbach. Ninavyoisoma historia yake, maisha yake yote ya mpira yana uzi mmoja. Schäfer alikuwa kiungo wa kazi kabla hajawa kocha, na alipokuwa kocha aliendelea kufanya kazi ileile ya kiungo: kupanga watu, kuziba njia, kufunga milango kwanza ili wenye vipaji mbele wacheze kwa amani. Kazi hiyo haifanyiki kwa wiki tatu. Pale alipopewa muda na utulivu, ilizaa. Pale ofisi zilipokuwa na vurugu, au subira ilipokwisha mapema, haikuzaa.

Alizaliwa tarehe 10 Januari 1950 huko Mayen, mji mdogo magharibi mwa Ujerumani. Mwaka 1968, akiwa na miaka 18, alijiunga na Mönchengladbach ya kocha Hennes Weisweiler. Timu ile ilikuwa inapendwa na kila mtu kwa mpira wake wa kushambulia, lakini ilikuwa haijawahi kutwaa ubingwa. Mchezeshaji wake alikuwa Günter Netzer, fundi wa pasi ndefu, na mbele kulikuwa na vijana wenye mbio. Tatizo lilikuwa nyuma: walifunga mengi, wakafungwa mengi. Kabla ya msimu wa 1969/1970 Weisweiler alifanya jambo ambalo wapenzi wa mpira wa kushambulia hawakulitarajia kwake. Alisajili mabeki wazoefu, Ludwig Müller na Klaus-Dieter Sieloff, akaupa ulinzi uzito uliokuwa umekosekana. Msimu huohuo Mönchengladbach ikatwaa ubingwa wake wa kwanza wa Bundesliga. Netzer ndiye aliyebaki kwenye picha za ukutani, na kwa haki. Ila kijana wa miaka 20 aliyekuwa ndani ya kikosi kile aliona kwa macho yake timu ileile, yenye vipaji vilevile, ikigeuka kutoka timu ya kupendeza hadi timu ya ubingwa baada ya kurekebishwa nyuma. Sidhani kama kuna darasa la ukocha linaloweza kufundisha jambo hilo vizuri zaidi.

Mwaka 1970 alihamia Kickers Offenbach. Klabu hiyo ilitwaa Kombe la Ujerumani mwezi Agosti mwaka huo kwa kuifunga Köln 2-1, lakini furaha haikudumu. Mwisho wa msimu wa 1970/1971 Offenbach ilishuka daraja, na siku iliyofuata, tarehe 6 Juni 1971, rais wake Horst-Gregorio Canellas aliwaalika watu kwenye bustani ya nyumba yake kusherehekea miaka 50 ya kuzaliwa. Badala ya muziki akawachezea kanda alizorekodi kwenye simu, ambamo wachezaji wa klabu nyingine walisikika wakijadili bei ya kuuza mechi. Kocha wa timu ya taifa, Helmut Schön, alikuwa miongoni mwa wageni. Kashfa ile ilitikisa Ujerumani Magharibi nzima. Wachezaji wengi walifungiwa na Canellas mwenyewe hakusalimika. Offenbach ilirudi Bundesliga mwaka 1972, na Schäfer alibaki nayo hadi 1975. Akapita Karlsruhe kwa miaka miwili, kisha mwaka 1977 akarejea Mönchengladbach, ambako mwaka 1979 alitwaa Kombe la UEFA na ambako alistaafu mwaka 1985, baada ya kucheza miaka ya mwisho na kijana aliyeitwa Lothar Matthäus. Mamia ya mechi za ligi kuu, ubingwa wa nchi, kombe la nchi na kombe la Ulaya, lakini timu ya taifa ya wakubwa haikumwita hata mara moja. Nafasi ya kiungo Ujerumani miaka ile ilikuwa na Netzer, Wolfgang Overath, Rainer Bonhof na wengine wa kimo hicho. Schäfer alikuwa mtu wa kuwafanyia kazi watu kama hao, na mtu wa aina hiyo hulazimika kuuelewa mchezo kwa upana, kwa sababu kazi yake ni kujua wenzake wataacha pengo wapi.

Ushahidi mkubwa zaidi uko Karlsruhe, alikoanza ukocha mwaka 1986 akiwa na miaka 36. Klabu ilikuwa daraja la pili, na kwa miaka mingi ilikuwa imezoea kupanda na kushuka. Ndani ya msimu mmoja Schäfer aliipandisha, na kuanzia 1987 ilikaa Bundesliga misimu 11 mfululizo. Haikuwa na fedha za kushindana na wakubwa, kwa hiyo ilibidi atengeneze wachezaji badala ya kuwanunua. Oliver Kahn ni mfano ulio wazi. Alizaliwa Karlsruhe, baba yake Rolf alikuwa ameichezea klabu hiyohiyo, na alipopewa nafasi ya kwanza kwenye Bundesliga mwaka 1987 mambo hayakumwendea vizuri. Akarudi benchi nyuma ya Alexander Famulla. Kocha mwenye haraka angemtoa kwa mkopo akamsahau. Schäfer alimweka, akamngoja, na mwaka 1990 akamkabidhi lango. Mehmet Scholl, naye mzaliwa wa mjini humo, alipandishwa vivyo hivyo. Ukitaka kupima kazi iliyofanyika Karlsruhe, angalia walikokwenda waliofundishwa pale. Bayern München ilimchukua Michael Sternkopf mwaka 1990, Oliver Kreuzer mwaka 1991, Scholl mwaka 1992, Kahn mwaka 1994, halafu Michael Tarnat na Thorsten Fink mwaka 1997. Jens Nowotny alikwenda Leverkusen mwaka 1996. Kila mwaka nguzo inang'olewa, na kila mwaka nyumba inabaki imesimama. Hilo lisingewezekana kama timu ingekuwa imejengwa juu ya mtu mmoja.

Usiku wa tarehe 2 Novemba 1993 ndio watu wa Karlsruhe wanausimulia hadi leo. Klabu ilikuwa kwenye Kombe la UEFA kwa mara ya kwanza. Ilikuwa imeitoa PSV Eindhoven, kisha ikapangiwa Valencia ya kocha Guus Hiddink, timu iliyokuwa juu kabisa kwenye ligi ya Hispania wakati huo. Mechi ya kwanza Valencia ilishinda 3-1, na hakuna aliyeipa Karlsruhe nafasi. Marudiano kwenye uwanja wa Wildpark yalianza kwa wageni kutulia, wakipiga pasi zao. Dakika ya 29 Edgar Schmitt, mshambuliaji ambaye si wengi nje ya Ujerumani waliokuwa wamewahi kulisikia jina lake, akafunga. Dakika tano baadaye akafunga tena. Rainer Schütterle akaongeza la tatu kabla ya mapumziko, Valery Shmarov akafunga la nne mara tu baada ya mapumziko, Schmitt akaongeza mawili, na Slaven Bilić, beki wa Kroatia, akamaliza la saba dakika za mwisho. 7-0. Tangu siku ile Schmitt akaitwa Eddy wa Ulaya. Watu husimulia mabao saba, na mimi naomba msomaji aitazame ile sifuri. Valencia, iliyokuwa na Predrag Mijatović, ilihitaji bao moja tu mapema ili kuua matumaini ya wenyeji, na haikulipata. Baada ya hapo Karlsruhe ikaitoa Bordeaux iliyokuwa na kijana Zinedine Zidane, ikaitoa Boavista ya Ureno, na katika nusu fainali ikatolewa na Salzburg ya Austria bila kushindwa: sare ya bila kufungana ugenini, sare ya 1-1 nyumbani. Bao moja la ugenini lilitosha kuifuta ndoto yote.

Anayetaka kuipinga hoja yangu ana pa kuanzia, na pa kuanzia penyewe ni Karlsruhe hiyohiyo. Kama muda ndio siri, kwa nini miaka 12 iliishia kwenye anguko? Mwaka 1996 timu ilifika fainali ya Kombe la Ujerumani ikafungwa 1-0 na Kaiserslautern, klabu iliyokuwa imetoka kushuka daraja, mfungaji akiwa Martin Wagner. Msimu uliofuata, kwenye Kombe la UEFA, iliitoa Roma, ikaenda Denmark kuifunga Brøndby 3-1, kisha ikafungwa 5-0 na Brøndby hiyohiyo nyumbani Wildpark. Huo mlango haukufungwa. Machi 1998 Schäfer alifukuzwa, na miezi miwili baadaye timu ikashuka. Haya ni ya kweli na hayana namna ya kuyapamba. Muda peke yake hautoshi. Kocha akikaa sana sauti yake huzoeleka, na klabu inayouza kila mwaka hufika siku ikakosa cha kuuza. Mwaka 1997 ziliondoka nguzo mbili kwa mpigo. Lakini waliomwondoa waliamini kwamba tatizo ni mtu, na historia haikuwaunga mkono. Karlsruhe ilimpata Jörg Berger, ikashuka hivyohivyo. Na mwaka 2000 ikashuka tena hadi daraja la tatu, ikiwa imeongozwa kwa sehemu ya msimu ule na kocha aitwaye Joachim Löw. Löw huyohuyo ndiye aliyekuja kutwaa Kombe la Dunia mwaka 2014 baada ya kukaa na timu ya taifa ya Ujerumani miaka 8 kama kocha mkuu.

Majina hayo mawili, Löw na Schäfer, yaliwahi kupishana mlangoni. Mwaka 1998 VfB Stuttgart ilimwondoa Löw ingawa alikuwa ametoka kuifikisha fainali ya Kombe la Washindi barani Ulaya, ikamwajiri Schäfer mwezi Julai, na kabla ya Krismasi ikamfukuza naye. Akaenda Tennis Borussia Berlin, klabu ya daraja la pili iliyojaa ahadi za mfadhili. Mwaka 2000 ikanyimwa leseni kwa sababu ya fedha. Ndani ya miaka miwili jina lililojengwa kwa miaka 12 lilikuwa limechakaa. Ujerumani ilimhesabu kuwa mtu wa jana, na hakufundisha tena Bundesliga.

Kamerun ilimchukua Septemba 2001. Hapa pingamizi la pili huja likiwa na nguvu zaidi ya lile la kwanza: alirithi mabingwa. Ni kweli. Kamerun ilikuwa imetwaa Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2000 chini ya Mfaransa Pierre Lechantre, ikatwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Sydney mwaka huohuo chini ya Jean-Paul Akono, na ilikuwa imeshafuzu Kombe la Dunia la 2002 kabla Schäfer hajakanyaga Yaoundé. Eto'o, Mboma, Rigobert Song, Geremi, Lauren, Marc-Vivien Foé: hakumleta hata mmoja wao. Ila pingamizi hili linasahau kilichotokea katikati. Mwezi Mei na Juni 2001, katika Kombe la Mabara lililochezwa Japan na Korea Kusini, mabingwa hao hao wa Afrika walifungwa 2-0 na Brazil, wakafungwa 2-0 na Japan, wakarudi nyumbani mapema. Benchi lilikuwa likipita mkono kwa mkono. Miaka miwili baadaye, Juni 2003, katika mashindano yaleyale, sasa yakichezwa Ufaransa, Kamerun ya Schäfer iliifunga Brazil 1-0, ikaifunga Uturuki iliyokuwa ya tatu duniani 1-0, ikatoka sare ya bila kufungana na Marekani, ikaifunga Kolombia 1-0. Hadi inaingia fainali haikuwa imefungwa bao. Wachezaji wengi walikuwa walewale wa 2001. Kilichobadilika ni mpangilio, na mpangilio una mwenyewe.

Kutetea ubingwa wa Afrika si jambo la kurithi pia. Kabla ya 2002 ni Misri na Ghana pekee zilizowahi kulitwaa kombe mara mbili mfululizo, Misri mwaka 1957 na 1959, Ghana mwaka 1963 na 1965, zama ambazo timu zilizoshiriki zilihesabika kwa vidole. Mazingira ya Mali yalikuwa magumu. Kabla ya nusu fainali dhidi ya wenyeji mjini Bamako, polisi walimvamia kando ya uwanja Thomas N'Kono, golikipa shujaa wa zamani aliyekuwa msaidizi wa Schäfer, wakamburuta mbele ya maelfu ya watu wakimtuhumu kwa uchawi. Timu nyingi zingepoteza akili hapo. Kamerun ilishinda 3-0, mawili ya Salomon Olembé na moja la Foé. Tarehe 10 Februari, fainali na Senegal ya El Hadji Diouf ilikwenda dakika 120 bila bao, ikaamuliwa kwa penalti 3-2 pale golikipa Alioum Boukar alipoudaka mkwaju wa mwisho wa nahodha Aliou Cissé. Cissé, naye kiungo mkabaji, alirudi kama kocha na kuipa Senegal ubingwa wake wa kwanza wa Afrika Februari 2022, baada ya miaka karibu 7 kwenye benchi. Shirikisho lake lilimvumilia alipopoteza fainali ya 2019. Naitaja Senegal kwa sababu inaonyesha kwamba uvumilivu ninaouzungumzia si mali ya Ulaya.

Na hapo ndipo pingamizi la tatu linapoingia, ambalo nalikubali kuliko yote. Akono aliipa Kamerun dhahabu ya Olimpiki, jambo ambalo hakuna kocha mgeni aliyewahi kuifanyia nchi hiyo. Kwa nini hakupewa miaka mitatu na timu ya wakubwa? Kwa nini subira, mshahara na imani viliwekwa akiba kwa Mjerumani ambaye nyumbani kwao alikuwa ameshafukuzwa mara mbili? Jibu la kusema kwamba Schäfer alishinda halitoshi, maana hatuwezi kujua Akono angeshinda nini. Mashirikisho mengi ya Afrika yamekuwa yakimwamini mgeni kabla hajafanya kitu na kumtilia shaka mwenyeji baada ya kufanya makubwa. Mafanikio ya Schäfer hayaondoi dhuluma hiyo. Yanachoonyesha ni thamani ya kile ambacho wazawa walinyimwa: muda.

Kombe la Dunia la 2002 ndilo doa la wazi. Wachezaji waligoma kuondoka Paris wakidai posho zao, na wakati viongozi wakivutana nao, wanakijiji wa Nakatsue, kijiji kidogo cha milimani nchini Japan kilichopangwa kuwa kambi yao, walikaa wakiwasubiri siku baada ya siku. Timu ilifika usiku wa manane ikiwa imechelewa siku kadhaa, imechoka kwa safari ndefu, na wenyeji wakiwa bado macho wakiipungia bendera. Japan nzima iliipenda Kamerun kwa ajili ya kijiji kile, lakini maandalizi yalikuwa yamekwisha kuharibika. Ikatoka sare ya 1-1 na Jamhuri ya Ireland, ikaifunga Saudi Arabia 1-0 kwa bao la Eto'o, kisha tarehe 11 Juni mjini Shizuoka ikakutana na Ujerumani. Golini alisimama Kahn, yule kijana aliyengojwa Karlsruhe. Mwamuzi Antonio López Nieto alitoa kadi za njano 16 siku hiyo. Carsten Ramelow wa Ujerumani alitolewa kabla ya mapumziko, na kwa zaidi ya nusu saa Kamerun ilikuwa na mtu mmoja zaidi. Haikufunga. Marco Bode alifunga mara tu baada ya mapumziko, Miroslav Klose akamaliza, 2-0. Patrick Suffo naye akatolewa. Siwezi kuutupia mgomo wa posho lawama zote za mechi ile: timu yenye watu 11 dhidi ya 10 inapaswa kupata njia, na siku hiyo kocha aliyejua kufunga milango hakujua kuifungua. Huo ndio mpaka wa ufundi wake, na unajirudia baadaye.

Tarehe 26 Juni 2003, kwenye uwanja wa Gerland mjini Lyon, dakika ya 72 ya nusu fainali dhidi ya Kolombia, Marc-Vivien Foé alianguka katikati ya uwanja bila kuguswa na mtu. Alikuwa na miaka 28, na alikuwa ameuchezea uwanja huohuo akiwa na klabu ya Lyon. Alifariki muda mfupi baadaye. Foé ndiye aliyekuwa moyo wa mpangilio nilioueleza, kiungo mrefu aliyesimama mbele ya mabeki na kufanya kazi ambayo Schäfer mwenyewe aliwahi kuifanya. Wachezaji wenzake walipata habari baada ya kushinda. Siku tatu baadaye waliingia uwanjani Saint-Denis kucheza fainali na Ufaransa, wakiwa hawana usingizi wala hamu, na hata hivyo hawakufungwa ndani ya dakika 90. Bao la dhahabu la Thierry Henry dakika ya 97 ndilo pekee waliloruhusu katika mashindano mazima. Nahodha wa Ufaransa Marcel Desailly na Rigobert Song walilinyanyua kombe kwa pamoja, picha ya Foé ikiwa kati yao.

Baada ya Foé, Kamerun haikuwa ileile. Katika Kombe la Mataifa la 2004 nchini Tunisia iliruhusu mabao 3 dhidi ya Zimbabwe peke yake, ingawa ilishinda 5-3, na robo fainali ikatolewa na Nigeria 2-1. Shirikisho lilikuwa katika ugomvi na FIFA kwa ajili ya jezi ya kipande kimoja iliyovaliwa huko, ugomvi uliofikia kuinyang'anya timu pointi 6 za kufuzu Kombe la Dunia kabla hazijarudishwa. Mwishoni mwa 2004 Schäfer akaondolewa, akiwa amekaa miaka mitatu.

Miaka iliyofuata alizunguka. Dubai aliipa Al Ahli ubingwa wa Falme za Kiarabu msimu wa 2005/2006, wa kwanza tangu 1980. Al Ain akatwaa nayo Kombe la Rais mwaka 2009. Timu ya taifa ya Thailand aliifikisha fainali ya kombe la Kusini-Mashariki mwa Asia mwaka 2012. Wapo wanaomwita mamluki kwa sababu ya safari hizi, na jina hilo lingemfaa kama angekuwa anaacha vumbi tu kila alikopita. Jamaika inakanusha. Alifika huko Julai 2013, mbio za kufuzu Kombe la Dunia la 2014 zikiwa karibu zimekwisha kupotea. Mwaka 2014 alitwaa Kombe la Karibi. Mwaka 2015 Jamaika ilialikwa Copa América nchini Chile, ikafungwa na Uruguay 1-0, na Paraguay 1-0, na Argentina ya Lionel Messi 1-0. Kwa kisiwa kile, kufungwa na Argentina bao moja ni ushahidi wa mpangilio. Kumaliza mechi tatu bila kufunga hata bao ni ushahidi wa ule mpaka niliousema wa Shizuoka. Mwezi uliofuata, tarehe 22 Julai mjini Atlanta, katika nusu fainali ya Kombe la Dhahabu, Jamaika iliitoa Marekani 2-1 kwa mabao ya Darren Mattocks na Giles Barnes, na kuwa nchi ya kwanza ya Karibi kufika fainali ya mashindano hayo. Kocha wa Marekani alikuwa Jürgen Klinsmann, bingwa wa dunia wa 1990, mshambuliaji wa aina ile ambayo viungo kama Schäfer walitoa jasho kuilisha mipira. Fainali Meksiko ilishinda 3-1. Jamaika iliachana naye mwaka 2016, na mwaka uliofuata Esteghlal ya Tehran, ikiwa inayumba mkiani, ikamwita. Ikamaliza msimu nafasi ya tatu na kutwaa kombe la Iran mwaka 2018.

Karlsruhe haijacheza tena mashindano ya Ulaya tangu Schäfer alipoondoka. Kamerun ilisubiri hadi Februari 2017 kulitwaa tena Kombe la Mataifa ya Afrika, miaka 15 baada ya Bamako, ikiwa na Mbelgiji Hugo Broos. Kati ya Schäfer na Broos benchi la Simba Wasiofugika lilikaliwa na Artur Jorge, Arie Haan, Otto Pfister, Paul Le Guen, Javier Clemente, Denis Lavagne, Jean-Paul Akono na Volker Finke. Hakuna hata mmoja wao aliyeachwa afikishe miaka mitatu.